Injini ya Babu: Je, Ndiyo Iliyotoka Nayo Kiwandani?

Ujumbe wa sauti wa shangazi uliingia alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini. Dakika nne na nusu. Dakika tatu za mwanzo zilikuwa salamu, mvua na habari za mahindi, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Land Rover ya babu imepata mteja. Ni mtu wa Arusha anayekusanya magari ya zamani. Amepanda hadi Lushoto, amelizunguka gari, amelala chini yake na tochi, halafu akatoa bei mbili: bei moja kama injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na nyingine, pungufu kwa robo, kama si yenyewe.

"Sasa wewe si unakaa huko huko yanakotengenezwa?" shangazi akamalizia. "Nenda kawaulize, mwanangu. Na safari hii tujue baba yako mdogo alifanya nini."

Naishi Birmingham, na Solihull, ambako Land Rover zimetengenezwa tangu 1948, ni jirani kabisa. Kwa hiyo kwa shangazi mambo yalikuwa mepesi: niende getini, nigonge, niulize. Lakini sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyonifanya niichelewe basi. Swali la mteja lilikuwa la injini. Swali la shangazi lilikuwa la mtu.

Babu alilinunua gari lile 1966, likiwa jipya, kwa fedha za mboga na kahawa. Ni Land Rover 109, pikapu ya petroli, ile ndefu. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Liliteremsha kabichi na nyanya kutoka Lushoto hadi Mombo, likapanda na sementi, mabati na watu. Mama yangu aliletwa kwetu na gari hilo siku ya harusi, amekaa mbele, na nyuma wamejaa wapiga ngoma. Babu alikuwa na kauli moja aliyomwambia kila mgeni aliyelisifia: "Injini hii haijawahi kufunguliwa." Alifariki 1981, na kauli ile tukaishika kama wosia.

Mwaka 1983 baba mdogo, kijana wa miaka 20, alilichukua gari kwenda kubeba mizigo Korogwe. Wanaokumbuka watajua huo ulikuwa mwaka gani: mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Spea hakuna, matairi hakuna, na mtu akikutwa na kitu asichoweza kukieleza, yuko matatani. Akasimamishwa njiani. Boneti ikafunguliwa, namba ya injini ikalinganishwa na kadi ya gari, hazikulingana. Alilala ndani siku mbili, baba yangu akaenda kumtoa. Gari likarudi nyumbani na mlio ambao si ule tuliouzoea, na ukoo mzima ukawa umeshapata jibu: kijana kauza injini ya baba yake, kaweka mkweche.

Yeye alisema kitu kimoja tu, kwamba kadi iliandikwa vibaya. Hakuna aliyemsikiliza. Hakuna aliyemgombeza hadharani pia, maana kwetu mambo hayaendi hivyo. Ila kila palipokuwa na fedha za kushika, hazikushikwa na yeye. Michango ya msiba ilipitia kwa shangazi. Shamba la babu lilipogawanywa, yeye alitajwa mwisho. Miaka arobaini.

Nilimpigia kwanza yeye, kabla ya kugonga geti lolote.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na dada?"

Nikakubali. Akacheka kidogo, akasema, "Ulizia. Mimi nimechoka kusema."

Basi nikaanza, nikiwa sijui hata bloku ni kitu gani. Nawaandikia niliyojifunza kwa sababu najua wengi wetu tuna gari la namna hii nyumbani, limefunikwa turubai chini ya mwembe, na siku moja atatokea mteja, au ndugu atakayetaka kulileta huku.

Jambo la kwanza lilikuwa kuondoa kosa nililolisikia kwa kila mtu, pamoja na binamu yangu ambaye ni fundi wa pikipiki Tanga. Yeye alisema: tazama namba ya chasisi, tazama namba ya injini, zikifanana ni ya kiwandani, zisipofanana imebadilishwa. Si kweli kwa magari haya. Kwenye Land Rover za enzi za babu chasisi ilikuwa na mfululizo wake wa namba na injini ilikuwa na wake. Gari lililotoka kiwandani asubuhi ya leo, halijaguswa na fundi yeyote, lilikuwa na namba mbili tofauti kabisa. Kinachotakiwa kufanana ni namba iliyogongwa kwenye injini na namba iliyoandikwa kwenye daftari la kiwanda siku gari lilipoundwa. Swali basi ni nani anayo hiyo daftari.

Haiko getini Solihull. Iko Gaydon, kwenye kaunti ya Warwickshire, katika jumba la makumbusho liitwalo British Motor Museum, linalotunza kumbukumbu za viwanda vingi vya magari vya Uingereza. Ukiwapa namba ya chasisi na ada yao, wanatafuta kwenye rekodi za uzalishaji na kukupa cheti. Kinaeleza gari liliundwa lini, lilikuwa rangi gani, lilipelekwa wapi, na lilifungwa injini yenye namba gani. Huhitaji kuwa Mwingereza, wala gari halihitaji kuwa Uingereza.

Lakini namba ya chasisi lazima uwe nayo, tena iliyo sahihi. Nikamwomba binamu apande Lushoto.

Kwenye Land Rover hizi kuna kibati ndani ya kabini chenye namba, lakini kibati ni misumari michache tu. Kinaweza kung'olewa na kuhamishiwa gari lingine. Namba ya kuaminika imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikwa. Kwetu pale palikuwa na tope la miaka hamsini na rangi ya buluu tabaka tatu. Binamu alitumia mafuta ya taa, brashi ya waya na msasa laini. Nilimkataza asitumie tindo wala mashine ya kusugulia. Namba hizi hazina kina kirefu, na fundi mwenye bidii anaweza kuzifuta kabisa akidhani anazisafisha.

Ilipotokea ilianza na 252. Hapo nikapata somo la pili, maana tarakimu tatu za mwanzo zinasema gari lilizaliwa vipi. Kwenye Land Rover za toleo la Series IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, 252 ni 109 ya petroli, usukani wa kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. Ingekuwa ya diseli ingeanza na 277. Kwa hiyo kabla hata ya kuandika barua yoyote mtu anaweza kujua kama gari lake limehama kutoka petroli kwenda diseli au kinyume chake, jambo lililotokea sana kwetu petroli ilipoadimika. Wala msidanganywe na ujazo wa injini ulioandikwa kwenye kadi: ya petroli na ya diseli za miaka ile zote zilikuwa sentimita za ujazo 2,286. Namba moja, injini mbili.

Yetu ilizaliwa ya petroli na bado ni ya petroli. Vizuri. Tukaingia kwenye injini.

Picha ya kwanza aliyonitumia binamu ilinipa furaha ya saa nzima, halafu ikanipa aibu. Ilikuwa namba kubwa, safi, imevimba juu ya chuma cha bloku. Nikainakili, nikaanza kuitafutia maana, mpaka mzee mmoja wa hapa jirani, Mwingereza mwenye Land Rover mbili uani na mke asiyezipenda, akaniambia nimepotea. Namba iliyovimba imetoka kwenye kalibu. Chuma kilimiminwa nayo, na maelfu ya bloku zinayo hiyo hiyo. Namba ya injini haivimbi. Imegongwa kwa nyundo na muhuri, imezama, na iko kwenye sehemu ndogo iliyosawazishwa bapa: upande wa kushoto wa bloku kwa mbele, karibu na mahali bomba la ekzosi linapoanzia. Kushoto kwa maana ya mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele.

Wakati binamu anarudi kuitafuta, fundi mzee wa pale mjini aliyekuja kusaidia alishatoa hukumu yake. "Ya kiwandani hii, msisumbuke," alisema, akaonyesha dinamo. Dinamo za Lucas ziligongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na ya kwetu ilisomeka 1966. Starta vilevile. Shangazi akanitumia ujumbe kwamba mambo yamekwisha, nimwambie mteja.

Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini nilimuuliza yule mzee jirani, naye akaniuliza swali moja: ukibadilisha injini, dinamo unaipeleka wapi? Jibu ni kwamba unaifungua na kuifunga kwenye injini mpya, kama ingali nzima. Dinamo, starta, kabureta, feni, vyote hivyo ni bolti chache. Vinaweza kukuambia vina umri gani vyenyewe. Haviwezi kukuambia umri wa chuma vilichofungwa. Kwa hiyo gari lenye dinamo ya 1966 ni gari lenye dinamo ya 1966.

Jioni ile picha ya pili ikaja. Namba iliyozama, hafifu, imepigwa picha kwa mwanga wa tochi iliyolazwa ubavuni ili vivuli vijae kwenye mikwaruzo. (Hiyo ni mbinu nzuri. Ukimulika kutoka mbele huoni kitu.) Nilipoilinganisha na kadi ya gari hazikufanana. Hiyo tuliijua tangu 1983.

Sasa mzigo wote ulikuwa Gaydon, na ilinibidi niufikirie vizuri kabla ya cheti kuja. Kama daftari la kiwanda litakuwa na namba iliyo kwenye bloku, basi kadi ndiyo iliyokosewa, injini ni ile ile, na baba mdogo amesema kweli miaka yote. Kama daftari litakuwa na namba iliyo kwenye kadi, basi injini ilibadilishwa, na kauli yake inaanguka. Hakukuwa na njia ya tatu. Nilijaza fomu, nikaambatisha picha, nikalipa. Katika wiki za kusubiri nilimpigia mara moja tu. Tukaongea mpira.

Cheti kilifika kwa posta. Gari liliundwa 1966, likapelekwa Dar es Salaam. Rangi yake ilikuwa kijivu. Hili lilizua mjadala kwenye kundi letu la WhatsApp kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuliona likiwa la kijivu. Tangu tupate akili ni la buluu. Namba ya injini iliandikwa chini kidogo. Ilikuwa ile ya kwenye kadi. Tarakimu zote.

Nilikaa na ile karatasi siku mbili bila kuwaambia. Ningeiweka kwenye kundi, jambo lingefungwa kwa dakika moja, na mzee wa miaka zaidi ya sitini angesoma hukumu yake kwenye simu mbele ya watoto na wakwe. Na ingekuwa hukumu ya kweli? Cheti kilisema injini ilibadilishwa. Hakikusema nani aliibadilisha, wala lini. Hapo ndipo wengi wetu, nadhani, tunaposimama mapema.

Nikarudi kwenye namba ya bloku. Kama chasisi, namba za injini nazo zina tarakimu za mwanzo zinazotaja ukoo wake, na hii ilianza na 9. Injini zinazoanza hivyo ni za Series III, toleo lililofuata, na Series III zilianza kutoka kiwandani 1971. Hiyo peke yake ingetosha kumwambia mteja hapana, hata bila cheti: gari la 1966 haliwezi kutoka kiwandani na injini ya 1971 au baada ya hapo. Lakini iliniambia jambo jingine pia. Injini ile iliingia kwenye gari la babu kati ya 1971 na siku baba mdogo aliposimamishwa, 1983. Ni miaka kumi na miwili. Katika miaka kumi ya mwanzo gari lilikuwa mikononi mwa babu mwenyewe.

Hapa niseme kidogo kwa nini jambo hili lilikuwa rahisi kufanyika bila mtu kulitambua. Ile injini ya petroli ya lita mbili na robo iliingia kwenye Land Rover 1958 na ikaendelea kuwa ile ile, kwa umbo na mahali pa bolti, hadi Series III. Maboresho makubwa ya ndani, krenki yenye beringi tano badala ya tatu, yalikuja 1980. Kwa hiyo injini ya Series III inakaa kwenye Series IIA bila kukata chuma. Fundi wa kawaida, mnyororo, tawi la mti lenye nguvu, na siku mbili tatu. Ukipaka rangi na kurudisha dinamo ya zamani, hata mwenye gari jirani hatajua. Giaboksi ya kwetu haikuguswa: bado ni ile ya zamani isiyo na urahisi wowote kwenye gia ya kwanza na ya pili, ambayo usipokanyaga klachi mara mbili unasikika hadi Soni.

Nikampigia shangazi. Sikumwambia cheti kinasema nini. Nilimuuliza kama kuna karatasi za babu zilizobaki.

"Zipo kwenye bati la biskuti," akasema. "Stakabadhi za ushirika, na za kodi. Nimezitunza kwa ajili ya shamba."

"Unaweza kunipigia picha zote, shangazi? Moja moja?"

"Zote? Mwanangu, ni nyingi."

"Zote, tafadhali."

Alizituma kwa siku tatu, mjukuu wake akishika simu. Stakabadhi za kahawa. Leseni za redio. Barua ya shule ya baba yangu. Siku ya tatu, katikati ya risiti za mbolea, ikaja karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne, maandishi ya wino wa buluu, kwa Kiingereza cha fundi. Tanga, Machi 1976. Injini ya petroli ya Land Rover, iliyotolewa kwenye gari la shamba la mkonge lililopinduka. Kazi ya kutoa na kufunga. Malipo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na tarehe yake na sahihi ya babu, ile yenye mkia mrefu tunayoijua kwenye hati ya shamba. Na katikati ya karatasi, namba ya injini. Niliisoma tarakimu moja moja nikiwa nimeweka picha ya bloku pembeni. Ni yenyewe.

Mwaka 1976 baba mdogo alikuwa na miaka 13, yuko shule ya msingi. Baba yangu alikuwa bweni Moshi. Shangazi alikuwa ameolewa, anakaa Same. Hakuna aliyekuwepo nyumbani wa kuona gari limekwenda Tanga na kurudi. Babu hakuipeleka kadi kuandikishwa injini mpya, labda kwa sababu ya safari, labda kwa sababu ya gharama. Labda kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu wengi mno kwamba haijawahi kufunguliwa.

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kweli. Kwa siku mbili nilizokuwa nimekaa na cheti niliogopa kumwangusha baba mdogo. Sasa nilikuwa nimeshika karatasi inayomsimamisha yeye na kumvua babu kauli yake. Na aliyeitunza karatasi hiyo, bila kujua kusoma Kiingereza chake, miaka yote hiyo, chini ya kitanda, alikuwa shangazi.

Sikuweka kitu kwenye kundi. Nilimpigia shangazi kwa video, nikamwomba aishike ile karatasi mkononi, nikamsomea mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye sahihi nilinyamaza, maana sahihi ya baba yake hakuhitaji kusomewa.

Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia kuku. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni Baba."

"Ni babu, shangazi."

"Na alikuwa anatuambia..."

"Ndiyo."

"Alikuwa na deni la ada mwaka ule," akasema, si kwangu hasa. "Gari lingesimama, tusingesoma." Halafu akakata simu, nami nikadhani nimemuudhi.

Nimalizie kwanza la mteja, kwa kuwa ndilo lililoanzisha yote. Nilimwandikia ukweli wote: injini si ya kiwandani, ni ya Series III iliyofungwa 1976, huyu hapa ushahidi, na hiki hapa cheti cha Gaydon. Hakukasirika hata kidogo. Alisema kinachomtisha si injini iliyobadilishwa, ni injini ambayo mwenyewe anakula kiapo kwamba haikubadilishwa. Alilipa bei ya chini akaongeza kidogo kwa ajili ya makaratasi, na katika mkataba wa mauzo tukaandika namba zote mbili: iliyozaliwa na gari, na iliyomo sasa. Kadi nayo ikarekebishwa, miaka karibu hamsini baadaye.

Kwa walio Uingereza na wanaofikiria kulileta gari la namna hii, neno moja. Gari likitimiza miaka arobaini tangu kuundwa unaweza kuomba lihesabiwe la kihistoria. Halilipiwi kodi ya barabara, na kwa kawaida halilazimiki kukaguliwa MOT kila mwaka, ilimradi halijabadilishwa sana katika miaka thelathini iliyopita. Injini ya aina ile ile, au nyingine ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye toleo hilo, haihesabiwi kuwa badiliko kubwa. Injini yenye idadi tofauti ya silinda ina hatari ya kuhesabiwa hivyo. Namba ya injini huandikwa kwenye kitabu cha gari, V5C, na ikibadilika unatakiwa kuwaarifu DVLA. Cheti cha makumbusho husaidia pia kuthibitisha mwaka gari lilipoundwa.

Na ndugu zetu wa Oman na Ghuba, ambako Land Cruiser ndiyo mfalme wa mchanga, kazi yenu ni nyepesi zaidi. Toyota waliandika jibu kwenye jina. Herufi zilizo mbele ya J kwenye kibati cha gari ndizo injini: FJ45 ilizaliwa na injini ya petroli ya F, BJ ni ya diseli ya B, HJ ni ya H, na HZJ75 ni ya ile 1HZ inayoogopwa na hakuna. Ukikuta kibati kinasema FJ na chini ya boneti mnanguruma diseli, huhitaji cheti.

Nilidhani nimemuudhi shangazi, nikasema. Kumbe alikata ili apige simu nyingine. Baba mdogo alinisimulia mwenyewe Jumapili iliyofuata. Dada yake mkubwa alimpigia, akamsalimia kwa jina la utotoni ambalo hakuwa amelitumia tangu msiba wa babu, akamwambia aje kwake Lushoto, kuna karatasi anataka amsomee. Akaenda. Alikuta chai na ndizi, na bati la biskuti liko mezani.

"Akalia?" nikauliza.

"Mimi ndiye niliyelia," akasema. "Yeye alikuwa ananimiminia chai, kikombe kimejaa, bado anamimina."

Nikamuuliza kuhusu ule mlio, maana lilikuwa limebaki hilo tu. Kama injini ni ya 1976, kwa nini gari lilirudi na sauti nyingine 1983? Akasema ekzosi ilitoboka njiani, spea hakuna, akafungiwa bomba la lori. Alisema hivyo siku ile ile aliporudi. Halafu akakohoa kidogo.

"Gurudumu la akiba ndilo nililoliuza," akasema. "Hilo niliuza kweli, nilikuwa na njaa. Usiliandike."

Nimemwomba ruhusa, amenipa. Lakini kinachomsumbua sasa ni kitu kingine kabisa, na kila nikimpigia anakirudia. Miaka arobaini alisema kadi imekosewa, na kumbe kadi ndiyo iliyokuwa sahihi. Ile injini iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwepo kweli, ilitoka Solihull kweli, ikapanda Lushoto na kushuka na kabichi miaka kumi. Karatasi ya fundi haisemi ilikwenda wapi.

"Sasa, mwanangu," ananiuliza, "ile ya kwanza iko wapi?"